Kwao Wapi?

Nilikulia Ngara, Nairobi. Nilipouliza Wahindi wa zile duka kuukuu walienda wapi, jibu lilikuwa moja: walirudi kwao. Kwao wapi, hakuna aliyesema.

Baadaye nikasoma. Sheria za Kenya za 1967 ziliwataka wasio raia wawe na vibali vya kazi na leseni za biashara. Wengi walikuwa na pasipoti za Uingereza, basi wakapanda ndege kwenda London. Magazeti mengi ya huko yakaandika juu ya mafuriko ya wahamiaji. Lakini ngoja: mwenye pasipoti yako anakuwaje mgeni? Neno lilikuwa limeshakaa. Mwishoni mwa Februari 1968, kwa siku tatu tu, Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuwazuia wasio na mzazi wala babu wa kule.

Tusiwacheke Waingereza. Aprili 2014, Wasomali wa Eastleigh walipofungiwa uwanja wa Kasarani, wakiwemo Wakenya wenye vitambulisho, redioni nilisikia wakiitwa washukiwa, wahamiaji haramu, warudishwe kwao.

Kwao wapi? Kwa wengine ni hapo Eastleigh, safari ya matatu moja kutoka kwetu.