Swali Lililotoka Mkwawa

Kijana wa Bukundi, wilayani Meatu, mkoani Simiyu, akisikia habari za idara ya fizikia ya chuo kikuu, aghalabu hudhani kwamba utafiti ni fursa ya mtu aliyekwisha kuhitimu na kukabidhiwa funguo za maabara; kumbe utafiti ulioipa idara ya Dar es Salaam sifa ulimwenguni ulianza kwa maziwa na sukari.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake, na desturi yao ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kisha kuyaacha yapoe kwanza. Lakini alipoona nafasi katika friji inakwisha, aliyaingiza yangali moto, na baada ya saa moja u nusu yake yalikuwa yameganda, ilhali ya mwenzake, ambaye hakuyachemsha kabisa, yalikuwa bado uji mzito. Alipomwuliza mwalimu kwa nini, aliambiwa amechanganyikiwa. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akaliuliza swali hilo tena, alijibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu, na tangu hapo darasa zima likamfanyia istihizai kwa maneno hayo.

Hata alipokuja Dkt. Denis Osborne, mhadhiri wa Dar es Salaam, kuzungumza shuleni, Mpemba alisimama akauliza kwa nini maji ya nyuzi 100 huganda kabla ya maji ya nyuzi 35, yakiwa ya kadiri moja na katika vyombo vilivyo sawa. Wanafunzi wakacheka. Osborne hakusadiki, lakini (na hapa ndipo ninapomvulia kofia) alimwuliza kama amejaribu mwenyewe, kisha akaenda na swali hilo hadi chuoni, akamwagiza fundi wa maabara alipime. Naye fundi akaleta jawabu kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, ila ataendelea kurudia mpaka apate matokeo yaliyo sahihi!

Makala ya Mpemba na Osborne ilitoka mwaka 1969 katika jarida la Physics Education, jina la mwanafunzi likitangulia la mhadhiri. Jambo lenyewe Aristotle alikuwa amelitaja zamani sana, na wataalamu hawajaafikiana hadi leo: mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba vipimo vyao havikuonyesha ushahidi wa kuridhisha.

Mpemba hakuingia katika idara ya fizikia ya Dar es Salaam. Makala ilipochapishwa alikuwa Mweka, karibu na Moshi, akisomea uhifadhi wa wanyamapori, kazi ambayo watu wa Meatu, jirani wa Pori la Akiba la Maswa, wameizoea kuliko fizikia.