Nani mwenye neno la mwisho kwenye seva?

Juzi nusura nilie maabara. Projekti ya kikundi chetu inatumia PostgreSQL, na watu wakikaribia 20 kwa mpigo, seva inagoma. Nikafungua faili la postgresql.conf, kwenye max_connections nikaandika 100, nikazima, nikawasha. Wapi! Bado 20. Saa 6 usiku, na asubuhi tunaonyesha kazi.

Kumbe mwenzetu mmoja aliwahi kuipanga ile namba kwa amri ya ALTER SYSTEM, akasahau. Nikaifuta, nikawasha upya, mambo shwari. Ila usingizi ulishakata, nikaanza kuchimba: haya mambo yalianzaje?

Zamani, mpaka toleo la 7.4, mafaili ya mipangilio yalikaa humo humo kwenye folda ya data. Msimamizi utake usitake. Januari 2005 likaja toleo la 8.0, akapewa uhuru: anaiwasha seva huku akiielekeza mipangilio iko wapi na data iko wapi. Ndiyo maana ukiiweka kwa vifurushi vya Debian au Ubuntu, mipangilio unaikuta /etc/postgresql, mbali kabisa na data.

Desemba 2006, toleo la 8.2, faili moja likaweza kuita jingine. Mwaka 2013, toleo la 9.3, likaweza kuita folda nzima. Mafaili yanasomwa kwa mpangilio wa majina, na kitu kikitajwa mara mbili, cha mwisho ndicho kinachoshinda.

Sasa shughuli ikaanza Desemba 2014, toleo la 9.4, na hiyo ALTER SYSTEM. Mkuu wa hifadhidata anabadili mipangilio akiwa huko huko ndani, bila kugusa postgresql.conf. Seva inaandika kwenye postgresql.auto.conf, na faili hilo linasomwa baada ya postgresql.conf na yote linayoyaita. Yaani wewe andika mpaka uchoke, lenyewe ndilo linalofunga mjadala. Ni rahisi kweli, lakini jamani, funguo zilishapata mshika wa pili.

Ikachukua karibu miaka 10. Septemba 2024, toleo la 17 likaleta allow_alter_system: msimamizi akiizima, amri ile inakataliwa. Ila msijidanganye, wenyewe waliotengeneza wanasema hiyo siyo ulinzi. Mwenye nywila ya mkuu bado ana njia nyingine za kupenya. Kazi yake ni kuzuia mkono uliosahau, kama wa yule mwenzetu.

Mimi nimejifunza hivi: kujua kuandika faili haitoshi, ujue pia lipi linasomwa mwisho na nani anaruhusiwa kuliandika. Kwa hiyo kabla hujaitukana seva, iulize kupitia pg_settings. Itakutajia faili na hadi mstari ilikotoa ile namba. Mimi ningeuliza mapema, ningelala.

Haya, naishia hapa, kipindi cha saa 2 kinanisubiri. Tuko pamoja!