Kesi ya Nyani: Habari za Shinyanga na Mwanza, 1976 na 1977

Wasikilizaji wangu, wazee wetu walisema, kesi ya nyani usimpelekee ngedere. Si kwamba ngedere ni mwovu. Ila yeye na nyani hula shamba moja, na hata akihukumu kwa haki hapana atakayemsadiki. Leo nitawaeleza habari iliyotokea katika nchi ya Usukuma, nayo yaonyesha maana ya mithali hiyo.

Katika miaka ile mikoa ya Shinyanga na Mwanza ilisumbuliwa sana na mauaji ya watu waliodhaniwa kuwa wachawi, hasa wazee. Geita nayo wakati huo ilikuwa wilaya ya Mwanza. Mwaka 1976 polisi na maofisa wa usalama waliagizwa kuwasaka wauaji. Kusudi lilikuwa jema, lakini njia iliyofuatwa ilikuwa mbaya: watu wengi walikamatwa, wakateswa ili wakiri, na baadhi yao wakafa wakiwa kizuizini.

Serikali ya Rais Julius Nyerere ikalichunguza jambo hilo. Basi, polisi walikuwa chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na Waziri wake alikuwa Bwana Ali Hassan Mwinyi. Yeye mwenyewe hakumpiga mtu. Lakini je, yampasa mkubwa kuketi kitini huku matendo ya watu wake yanapimwa? Januari 1977 Bwana Mwinyi alijiuzulu, na wakubwa wengine nao wakaacha vyeo vyao. Baadaye baadhi ya maofisa walishtakiwa mahakamani.

Tazameni faida yake. Kama Waziri angalibaki, angalikuwa mwenye kuulizwa na mwenye kuuliza pia, na jamaa za marehemu wangalisema kwamba wakubwa wanalindana. Tena kuacha cheo hakukumvunjia heshima: mwaka 1985 alichaguliwa kuwa Rais wa Tanzania.

Kwa upande wa mali, sharti lilikwisha kuwekwa. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili, au kupangisha nyumba. Mwaka 1991 masharti hayo yalilegezwa huko Zanzibar; na mwaka 1995 ikatungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, ambayo yamtaka kiongozi atangaze mali yake.

Sheria hiyo ina kazi kubwa katika nchi ya dhahabu. Ofisa mwenye fungu lake katika shimo la Geita atawezaje kupima kwa haki dhahabu itokayo humo? Mshika mbili moja humponyoka, na mara nyingi iponyokayo ni ile ya watu. Yampasa aseme mapema, "Shimo hili lanihusu," kisha ampishe mwingine ashike mizani. Hiyo si aibu. Ndivyo alivyofanya Waziri mwaka 1977.