Kipindupindu cha Haiti: Mchango au Deni?

Waswahili husema dawa ya deni ni kulipa. Lakini sisi tuliozoea vikao vya harusi tunajua kwamba mchango si deni. Unaletewa kadi, unatoa ahadi, na ukishindwa kuitimiza, basi, watu watanuna siku mbili tatu, hakuna atakayekupeleka mahakamani. Tofauti hiyo hunirudia kila ninaposoma historia ya kipindupindu cha Haiti, maana naona ugomvi wote ulikuwa juu ya maneno hayo mawili.

Turudi Oktoba 2010. Haiti ilikuwa bado haijainuka kutokana na tetemeko la ardhi la Januari 12 mwaka huohuo. Ugonjwa ukalipuka, tena si kwenye mahema ya Port-au-Prince ambako wengi waliuhofia, bali mashambani, kando ya mto Artibonite. Kwa karne nzima kabla ya hapo hakukuwa na kumbukumbu ya kipindupindu nchini humo. Watu wa karibu na mji wa Mirebalais hawakusubiri maabara. Walinyoosha kidole kwenye kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa, wanajeshi kutoka Nepal, ambayo majitaka yake yaliingia kwenye kijito kinachomwaga mtoni. Novemba akaja Renaud Piarroux, mtaalamu Mfaransa wa magonjwa ya mlipuko, akafuata nyayo za ugonjwa hadi kambi hiyohiyo. Mwaka 2011 uchunguzi wa vinasaba ukaonyesha kwamba bakteria wa Haiti na wa Nepal walikuwa karibu sawa kabisa.

Kinachouma ni kwamba kipindupindu kinatibika kwa urahisi. Mgonjwa akiwahi kupata maji yenye chumvi na sukari, au dripu akizidiwa, wanaokufa hawafiki hata mmoja katika mia. Haiti waliugua zaidi ya watu 800,000 na kufa karibu 10,000.

Sasa tuje kwenye pesa. Novemba 2011 waathirika wapatao 5,000 walipeleka madai Umoja wa Mataifa wakitaka fidia, maji safi na kuombwa radhi. Februari 2013 wakajibiwa kwamba madai yao hayapokeleki. Na mwezi huohuo, jamani, ukazinduliwa mpango wa miaka kumi wa kutokomeza kipindupindu Haiti, gharama yake dola bilioni 2.2, na wafadhili wakaombwa wajitokeze. Yaani kudaiwa hatudaiwi, ila tutawapitishia kadi ya mchango.

Waathirika wakaenda mahakamani New York. Wakashindwa, na Agosti 2016 mahakama ya rufaa ikathibitisha kwamba Umoja wa Mataifa una kinga ya kutoshtakiwa. Kinga hiyo inatokana na mkataba wa 1946. Lakini mkataba huohuo, kifungu cha 29, unautaka Umoja uweke njia nyingine ya kuwasikiliza watu binafsi wenye madai dhidi yake. Kwa watu wa Artibonite njia hiyo haikuwekwa.

Hatimaye, Desemba 1, 2016, Katibu Mkuu Ban Ki-moon aliwaomba radhi watu wa Haiti, akakiri kwamba Umoja haukufanya vya kutosha. Akatangaza mpango mpya wa dola milioni 400 kwa miaka miwili: sehemu moja ya matibabu, maji na vyoo, sehemu nyingine ya kuwafaa waathirika wenyewe. Niliposoma habari hiyo nilishusha pumzi. Kisha nikaona pesa zenyewe zingetoka wapi: michango ya hiari.

Hebu tulinganishe. Kikosi cha kulinda amani Haiti kiliendeshwa kwa ada ambayo kila nchi mwanachama hupangiwa kiwango chake na kutakiwa kulipa. Kwa hiyo bili ya kuwapeleka wanajeshi ilikuwa ya lazima, na bili ya madhara waliyoacha ikawa ya mwenye kupenda. Nchi chache zilitoa, zikiwemo Ufaransa, India, Chile na Korea Kusini. Mwaka 2017 nchi wanachama ziliombwa hata ziache mgawo wao wa dola milioni 40.5 zilizobaki kwenye hesabu za kikosi hicho. Mfuko haukukaribia milioni 400.

Wapo watakaosema kwamba Umoja ukianza kulipa fidia, hakuna nchi itakayothubutu tena kupeleka askari. Hoja hiyo siidharau. Lakini Haiti ndiyo nchi ya mwisho ya kuelezwa habari hiyo. Mwaka 1825 Ufaransa ilileta manowari ikaitaka ilipe faranga milioni 150, fidia kwa mabwana waliopoteza mashamba na watumwa. Deni likapunguzwa 1838, lakini mikopo ya kulilipia iliikaba nchi hadi karne ya 20. Pale hakuna aliyezungumzia hiari. Waliokuwa watumwa walipodaiwa, liliitwa deni. Wajukuu wao walipodai, likaitwa msaada.

Oktoba 2022, baada ya zaidi ya miaka mitatu bila mgonjwa aliyethibitishwa, kipindupindu kilirudi Haiti. Maji safi yaliyoahidiwa yalikuwa bado hayajawafikia wengi. Yakaanza maombi mapya kwa wafadhili, na kadi ikapitishwa tena.