Luluhia katika Jedwali la Kompyuta

Katika miaka ya 1940, kamati ya lugha katika wilaya iliyotawaliwa kutoka Kakamega ilijaribu kuzipatia lahaja za Kiluhya maandishi ya namna moja. Walogooli na Wabukusu hawakuyaridhia. Jina la lugha hiyo sanifu, Luluhia, limezuka tena katika CLDR, hazina ya Unicode ambamo waandishi wa programu huchota majina ya siku na miezi. Humo ndimo ichotapo Qt, msingi wa KDE, mojawapo ya sura za Linux katika kompyuta za mezani.

Orodha ya siku yastahili kutazamwa. Jumatano hufuatwa na Murwa wa Kanne, kisha Murwa wa Katano. Yaani siku ya tano, kwa hesabu ya Waswahili ianzayo Jumamosi, hufuatwa na siku ya nne, kwa hesabu ianzayo Jumatatu! Hesabu mbili zimeshonwa katika juma moja, wala mshono haukufichwa.

Kiwango cha ISO 639-3 huzipa lahaja hizo alama 14 mbalimbali, zikiwamo za Luwanga, Lutsotso na Lukabarasi za Kakamega. Jedwali, hata hivyo, limebaki moja, kama ilivyotaka kamati.