Ufadhili wa miradi ya maji na kampuni za madini nchini Tanzania

'''Ufadhili wa miradi ya maji na kampuni za madini nchini Tanzania''' ni utaratibu ambao wenye leseni za uchimbaji hugharimia visima, mabomba, matenki na mitambo ya kusafisha maji kwa makubaliano na Serikali au halmashauri. Umeonekana zaidi katika maeneo ya dhahabu yanayozunguka Ziwa Viktoria, hasa mikoa ya Geita, Shinyanga na Mara.

== Asili ==
Mgodi mkubwa wa dhahabu hauwezi kufanya kazi bila maji mengi, kwa kuwa mawe husagwa na dhahabu kutenganishwa kwa maji. Kwa sababu hiyo mgodi hutafuta maji kwa mahitaji yake kwanza, na wananchi hufuata baadaye. Mgodi wa Bulyanhulu, ulioanza uzalishaji mwaka 2001 katika eneo ambalo leo ni Halmashauri ya Msalala, ulijengewa bomba la kilomita 47 hivi kutoka Smith Sound katika Ziwa Viktoria.

Serikali nayo ilijenga mradi wake mkubwa zaidi kutoka ziwa hilohilo. Chanzo chake kiko Ihelele, wilayani Misungwi, na mtambo wake ulijengwa kwa uwezo wa kusafisha mita za ujazo 80,000 kwa siku. Ulizinduliwa mwaka 2009 na unaendeshwa na Mamlaka ya Maji Kahama na Shinyanga (KASHWASA). Bomba hilo kuu lilibadilisha mambo: kampuni haikulazimika tena kutafuta chanzo kipya, bali iliweza kuchangia tawi la kupeleka maji vijijini. Mradi wa Mhangu–Ilogi, unaohusu vijiji vya halmashauri za Shinyanga na Msalala, ulichangiwa na mgodi wa Bulyanhulu kwa njia hiyo.

Mjini Geita kazi iligawanywa. Mgodi wa Geita uligharimia usafishaji wa maji ya bwawa la Nyankanga, na upande wa Serikali ukashughulikia usambazaji.

== Sheria ==
Mikataba ya awali ya uendelezaji wa migodi iliweka malipo ya dola 200,000 kwa mwaka kwa halmashauri, kiasi kidogo kuliko ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mapato ghafi uliotajwa katika sheria ya fedha za serikali za mitaa. Michango mingine, maji yakiwemo, ilitegemea zaidi hiari ya kampuni.

Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yaliondoa hiari hiyo. Kifungu cha 105 kinamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wa kampuni kwa jamii, na kukubaliana juu yake na halmashauri husika. Halmashauri ndiyo inayosimamia utekelezaji. Kwa upande wa Barrick, makubaliano yaliyounda kampuni ya Twiga yalitiwa saini Januari 2020. Serikali ina hisa asilimia 16 na Barrick asilimia 84.

== Uendeshaji na lawama ==
Kujenga ni sehemu rahisi. Pampu huhitaji umeme au dizeli, mabomba hupasuka, na mtambo huhitaji dawa na fundi. Makubaliano yasiyosema ni nani atakayemiliki mradi na kulipa gharama hizo huacha vituo vya kuchotea maji vikiwa vikavu. Tangu mwaka 2019 miradi ya vijijini iko chini ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), na huendeshwa na vyombo vya watumia maji, ambavyo hukusanya malipo kutoka kwa wananchi.

Aidha, maji yanayotolewa na mgodi hayafuti madhara ya mgodi kwa vyanzo vya asili. Mwaka 2009 maji yenye sumu kutoka mgodi wa North Mara yaliingia mto Tigithe, na Mei 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lilitoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya kuvuja kwa bwawa la topesumu. Kisima kipya kijijini hapo si zawadi tu.

== Maeneo yasiyo na migodi ==
Fedha za kifungu cha 105 hufuata mgodi. Katika nyanda za juu za Kigoma, kwenye wilaya za Kibondo na Kasulu, hakuna mgodi mkubwa wa dhahabu. Kata kama Mabamba, iliyo mpakani na Burundi, haina kampuni ya kukubaliana nayo. Kinachoweza kufika huko ni sehemu ya mrabaha, ambao kwa dhahabu ni asilimia 6. Huo huingia Hazina na kugawanywa kupitia bajeti ya taifa.

Hata hivyo, kuwa na mgodi hakujamaliza tatizo. Mradi wa maji wa miji 28, unaogharimiwa kwa mkopo wa dola milioni 500 kutoka India na ambao mikataba yake ya ujenzi ilisainiwa Juni 2022, unajumuisha Kasulu, na pia Geita.