Upepo wa jua na vyuma viangukavyo kutoka angani

ALASIRI ya Desemba 30, 2024, pete ya chuma yenye upana wa takriban mita 2.5 na uzani wa kilo 500 hivi ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya (KSA) lilieleza kuwa, kwa uchunguzi wa awali, ilikuwa pete ya kutenganishia sehemu za roketi.

Ni nini hukiteremsha chuma kilichokuwa kikiizunguka dunia? Ni hewa, ingawa huko juu ni nyembamba mno. Wingi wa hewa hiyo nao hutegemea jua.

Jua hutoa daima upepo wa chembechembe zenye umeme, uendao kilomita 400 hivi kwa sekunde. Nguvu za sumaku za dunia huuzuia umbali wa kilomita 60,000 na zaidi kutoka ardhini, nao hupita kandokando kama maji ya mto yanavyolipita jiwe. Hata hivyo, ngao hiyo ina mlango. Upepo huo huja na sumaku yake. Sumaku hiyo ikielekea kusini, kinyume cha ile ya dunia, nguvu hizo mbili huungana na nishati hupenya. Mikondo mikubwa ya umeme hushuka hadi ionosfia ya ncha za dunia, tabaka la hewa yenye umeme lililo kilomita 100 hivi na zaidi kutoka ardhini. Hewa ya huko hung'aa kwa rangi za kijani na nyekundu, na hupata joto kali.

Mkazi wa Kitui au Makueni, aliye karibu mno na ikweta, haioni mianga hiyo. Lakini joto lile huitanua hewa ya juu, na athari yake huenea hadi juu ya ikweta kwa muda wa saa chache. Hapo setilaiti na mabaki ya roketi yaliyo katika njia za chini hukutana na hewa nzito zaidi na kushuka upesi.

Mnamo Februari 2022, dhoruba ya sumaku, tena isiyo kali, iliiponza kampuni ya SpaceX: setilaiti 38 kati ya 49 ilizokuwa imetoka kuzirusha zilipotea. Dhoruba ya Mei 2024 ilikuwa kali kuliko zote tangu 2003. Hii si kusema ndiyo iliyoiangusha pete ya Mukuku. Vyuma vya aina hiyo huweza kuteremka polepole kwa miaka mingi.

Kenya si mgeni wa elimu hii. Aprili 26, 1967, Waitaliano walirusha setilaiti ya San Marco 2 kutoka jukwaa lililo baharini karibu na Malindi, ili kupima wingi wa hewa ya juu katika eneo la ikweta. Hewa iyo hiyo iliiteremsha setilaiti hiyo, ikateketea Oktoba mwaka huo.